Nusu Mbili za Meza Moja

Baba Alexis alikuwa amesema wazi, mbele ya mjomba wangu: siku ya picha ya unga ndiyo itakuwa mtihani wangu. Ikienda vizuri, atanifundisha kamera. Ikiharibika, nitapanda lori la kurudi Lukafu kwa mama yangu, nikashike jembe, na hadithi ya picha itaishia hapo.

Nilikuwa katika studio yake, mtaa wa Albert, hapa Elisabethville, tangu mvua za mwaka uliotangulia. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha vioo vya picha, vile vinavyotiwa ndani ya kamera kunasa sura, kukunja mapazia, kuwachana wateja nywele na kuwafungia kola. Kamera yenyewe ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya miguu mitatu, ina jicho mbele na kitambaa cheusi nyuma. Niliruhusiwa kuipangusa vumbi tu. Ule mpira mdogo unaobanwa ili jicho lifunguke, sikuwahi kuugusa. Shule ya wasichana ya Masista niliiacha mwaka wa tatu, baba yangu alipougua, na tangu utoto nilikuwa na sauti ndogo. Wateja walikuwa wakiinama kunisikia. Albertine, mshonaji wa jirani, alisema kwamba mimi Wivine ninaongea na kifua changu mwenyewe.

Kiwanda kimoja cha kusaga mahindi kilitaka kalenda ya ukutani, ya kugawa kwa watu wanaonunua unga wake. Juu ya kalenda lazima ionekane familia moja, meza moja, inakula bukari, ndio ugali wa huku kwetu, na mfuko wa unga katikati. Mzungu aliyesimamia matangazo yale watu walimwita Bwana Unga. Alikuwa ameshajaribu kwa mpiga picha mwingine kule mjini, lakini watu wa picha ile, alisema, walikaa kama wanaosubiri sindano. Ndipo akaja kwetu. Kwa Baba Alexis ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Baba wa familia ya picha angepatikana kwa urahisi. Baba Alexis alikuwa na ndugu yake Godefroid, mtoto wa baba yake mkubwa, mfanyakazi wa mgodi wa Kambove, aliyekuja mapumzikoni. "Ule ana meno ya kuuzisha unga," alisema. Mama wa familia angekuwa Albertine. Mimi niliachiwa kutafuta bibi mzee, nkambo, pamoja na nguo, vyombo na bukari yenyewe.

Nkambo nilimpata soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa hapa Elisabethville. Alikuwa anauza samaki wakavu, na uso wake ulikuwa umekunjika vizuri, kama kitambaa kilichotunzwa sandukuni. Nilipita mbele yake, nikarudi, nikapita tena.

"Weye mutoto," akasema, "unanunua, ao unanihesabia samaki?"

"Hapana, Nkambo. Ninatafuta uso."

"Uso? Bichwa bya samaki biko pale kwa kitunga. Chukua."

Nikamweleza habari ya picha, maneno yakinikwama. Aliposikia kwamba atakula bukari mbele ya kamera na kupewa mfuko wa unga, alicheka. Kicheko chake kilifungua uso wote, na lile pengo la meno ya mbele likaonekana, na mimi nikajua kwamba ni yeye. Jina lake alisema ni Kapya, anakaa kwa mtoto wake wa kiume huku Kenya, amekuja kutoka Kabongo.

Kwetu, mtu mzima humpi kazi kabla hujamuuliza: wewe ni wa nani, umezaa nani, umeoza binti wapi. Mimi nilimuuliza kama ana kikwembe kizuri, kitenge cha kujifunga. Basi. Na Baba Alexis, ambaye naye ni mtu wa Kabongo, hakuniuliza nkambo nimemtoa wapi. Aliuliza kama ana uso mzuri, nikasema ndiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka na jogoo. Nilisonga bukari mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa laini mno. Nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikaona kimependeza, lakini Baba Alexis alipochungulia chini ya kitambaa cheusi cha kamera akaniita.

"Angalia."

Ndani ya kamera watu na vitu huonekana juu chini. Niliona meza imening'inia, mfuko umening'inia, na mahali pa bukari hapakuwa na kitu.

"Nyeupe juu ya nyeupe ni shimo," alisema. "Tafuta rangi ya giza."

Nikaleta kitambaa cha kijani cha Albertine. Bukari ikatokea pale pale, kama mwezi. Nikaipaka maji kwa kiganja ili isikauke na kupasuka, na hilo hakuna aliyenifundisha. Niliona tu kwamba kamera inapenda kitu kinachong'aa kidogo.

Bwana Unga alifika na gari lake. Godefroid aliketi mezani katika shati jipya, Albertine pembeni yake, na Baba Alexis akamwambia Godefroid akate tonge alishike tu, asile. Ikabaki kiti cha nkambo.

Nkambo Kapya akaingia, amevaa kikwembe cha maua makubwa na kilemba cha rangi ile ile. Akafika katikati ya chumba. Akamwona Godefroid. Godefroid naye akamwona.

Tonge lilianguka kwanza, halafu kiti. Godefroid alirukia nyuma ya pazia letu lililochorwa ndege ya abiria na minazi, likatikisika lote kama kwamba ile ndege inataka kupaa. Nkambo alivuta kikwembe mpaka juu ya kichwa, akageuza mgongo, akatoka nje bila kusema hata neno moja.

Bwana Unga alituangalia. "Sasa nini? Wanaogopa mashini?"

"Hapana, Bwana," Albertine akasema. "Ule mama ni mama-mukwe yake. Alizaa bibi yake."

"Ah! Vizuri basi! Ni familia kweli!"

"Njo ile shida, Bwana. Ni familia sana."

Watu wa Kabongo ni Waluba, na Mluba hasimami mbele ya mama aliyemzalia mke. Hamtazami machoni, hapiti njia moja naye, na kula mbele yake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Ni haya, na ni heshima. Haya hiyo wazee huiondoa, kwetu tunasema huitosha, kwa mbuzi na desturi zake, siku yao, kila upande ukiwepo. Kwa Godefroid siku hiyo ilikuwa bado.

Nkambo hakwenda mbali. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, akaanza kuzungumza na Albertine kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya pazia.

"Mama, uulize ule muntu mwenye kujificha: mutoto yangu eko wapi?"

Pazia likajibu: "Muambie Mama, eko Kambove, eko muzima, na batoto beko bazima."

"Na ule mwanamuke mwenye kukaa pembeni yake, na bikwembe bya mupya, ni nani yake?"

"Ni miye, Mama!" Albertine akachungulia dirishani. "Miye ni bibi yake ya saa moja tu, bibi ya kalenda. Usiogope. Simutaki, ana miguu ya bata."

"Sikukuuliza weye. Nilimuuliza yeye."

"Muambie Mama," pazia likasema kwa huzuni, "ni bibi ya kalenda."

Bwana Unga hakucheka. Alitoa saa mfukoni. Mwanga wetu ulikuwa unaingia kwa dirisha kubwa la upande, na adhuhuri ikipita jua huvuka paa na chumba huwa giza. Alisema kwa upole, lakini alisema: picha ni leo, isipopatikana, kesho atarudi kwa mpiga picha wa mjini, heri wale wa sindano. Baba Alexis akamwambia tutatafuta nkambo mwingine. Alikataa. Amemwona yule, anamtaka yule. Na baba mwingine? Saa ile wanaume wote wa mtaa walikuwa kazini.

"Yaya Alexis!" Godefroid akaita kutoka nyuma ya pazia. "Tununue mbuzi sasa hivi, tutoshe hii haya, tumalize!"

Kutoka dirishani jibu lilikuja kama jiwe: "Mbuzi ya mbio mbio? Baba yake hayuko, kaka yangu hayuko! Haya inatoshwa na bantu, haitoshwe na kalenda." Kisha sauti ikashuka. "Albertine. Anamuita nani yaya?"

Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Albertine aliangalia Baba Alexis. Baba Alexis aliangalia sakafu. Ndugu wa mkwe ni mkwe. Mahari ilipokwenda Kabongo yeye alikuwa tayari huku Elisabethville. Alituma blanketi, lakini mama wa binti hakuwahi kumwona kwa macho. Sasa alikuwa hatua chache kutoka dirisha lake, na mikono ya shati imekunjwa.

"Ni kaka yake, Mama," Albertine akasema. "Mwenye studio."

"Eh, Mungu yangu," nkambo akasema, akavuta kikwembe tena. "Kumbe nyumba yote ni bakwe."

Baba Alexis alirudi kinyumenyume mpaka jikoni, akafunga mlango.

Nilibaki katikati ya chumba. Mzungu na saa yake upande huu, pazia linalopumua upande ule, na Albertine ameziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Nililiona lori la Lukafu kama kwamba limesimama mlangoni. Watu wa picha nilipewa mimi, na watu wa picha hawakuweza kukaa chumba kimoja.

Nikawaza: chumba kimoja, sawa, hawawezi. Lakini nani alisema lazima wakae kwa wakati mmoja?

Siku za nyuma alikuja studio askari akitaka picha ambamo yeye mwenyewe anajiwashia sigara: askari mmoja ameshika kiberiti, askari yule yule ameinama na sigara mdomoni. Baba Alexis alikata kifuniko cha mkebe wa maziwa katikati, akakipaka masizi, akakifunga mbele ya jicho la kamera. Nusu ya kioo ikala mwanga, nusu ikabaki gizani. Halafu akamhamisha askari, akageuza kifuniko, akafungua tena. Kioo kile kile. Picha ilipotoka, watu wawili sura moja. Mimi ndiye niliyekiosha kile kioo, na nilikiangalia muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Nikaenda mlango wa jikoni nikamwambia.

"Sema kwa sauti," akasema kutoka ndani. "Sisikie."

Nikasema kwa sauti. Sikuwahi kusema kwa sauti namna ile ndani ya nyumba yake. Nilisikia anaweka kikombe chini.

"Meza iko pana ya kutosha," alisema taratibu. "Mfuko wa unga ukae pale nusu mbili zinapokutana. Mfuko hautikisiki, utakula mwanga mara mbili kidogo kidogo, hautaonyesha kitu. Ndiyo. Inawezekana." Kisha akauliza: "Na nani atabana mpira wakati wa ule mama, mimi nikiwa jikoni?"

Niligeuka nikaiangalia kamera.

"Wivine. Nani?"

"Mimi."

Akaja, nkambo akiwa bado nje, akapanga kamera, akatafuta kifuniko cha mkebe, akakifunga. Akatia kioo. Mikono yake ilikwenda haraka, lakini kwangu alizungumza polepole. "Kamera isisogee. Meza isisogee. Mpira ubanwe muda ule ule mara zote mbili, vinginevyo nusu moja itakuwa mchana na nusu nyingine jioni. Hayo mengine yote ni watu, na watu ni kazi yako." Akamshika Godefroid mkono, amefunikwa kichwa kwa koti kama mgonjwa, wakaingia jikoni.

Nikatoka kwa nkambo. Nikachuchumaa.

"Nkambo, hatakuwamo. Utakula na Yaya Albertine tu. Ukitoka, halafu njo na yeye ataingia. Hamutaonana hata kidogo."

"Na kwa picha?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Alikuwa amekwisha kufikiria mbali kuliko Bwana Unga.

"Kwa picha mutakuwa meza moja."

"Bantu ya Kabongo bataona. Batasema Kapya alikula na mukwe yake, macho kwa macho."

Nikafikiri. "Kwa picha hatakuangalia, Nkambo. Nitamuambia aangalie sahani yake. Na weye utaangalia Yaya Albertine. Muntu ya Kabongo akiona ataona heshima."

Aliniangalia. "Na huyu bibi ya kalenda, hatakaa pembeni ya mume ya mutoto yangu."

"Atakaa pembeni yako."

"Mezani, mfuko utakuwa katikati yetu?"

"Katikati kabisa, sawa na ukuta."

Akasimama, akakung'uta kikwembe. "Weye mutoto, ulizaliwa na sauti kumbe."

Niligawa bukari katika sahani mbili, moja kila upande wa mfuko. Bwana Unga alipoona Albertine amehamia upande wa nkambo alitaka kusema neno. Mimi nilikuwa nimeshaingia chini ya kitambaa cheusi, na ukiwa pale ndani huoni mzungu. Niliwaona wanawake wawili, juu chini, wadogo, wanang'aa. Niliona kwamba bega la Albertine linavuka na kuingia upande wa giza. Nikatoka, nikamsogeza. Nikarudi, nikaona sahani ya nkambo imegusa mfuko. Nikatoka, nikaisogeza. Kila kitu kinachohama lazima kikae nusu yake. Kinachovuka lazima kisihame kamwe. Nilijiambia hivyo kama wimbo.

"Tutajaribu kwanza bila kufungua jicho," nikasema. "Nikianza kuhesabu, hakuna wa kutikisika."

Baba Alexis huhesabu kwa Kifaransa. Mimi nambari zangu za Kifaransa zilikuwa zinakimbia nikiogopa, basi nikachagua kitu kisichonikimbia. Nikaanza polepole: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

"Maria Mutakatifu, Mama wa Mungu!" nkambo akadakia, akapiga na ishara ya msalaba.

Albertine alianguka juu ya meza kwa kicheko. Nikakimbia kuangalia mfuko. Haukusogea.

"Nkambo, hapana kuitika! Ni hesabu tu."

"Sasa muntu anasali, nimuangalie tu sawa mupagani?"

"Utasali moyoni."

"Bon. Moyoni." Akanyoosha kilemba. "Na kicheko? Ulisema unapenda kicheko yangu."

"Ucheke, halafu ubakishe kicheko pale pale kwa uso, isitoke, isirudi."

"Kubakisha kicheko! Albertine, umesikia kazi ya hapa?"

"Mama," Albertine akasema, "ulimuona mukwe yako namna alikimbia? Sawa nkuku yenye kuona kipungu. Ndege ya pazia yote ilitaka kuruka."

Nkambo alijitahidi. Mkwe hachekwi. Alibana midomo, akatazama dari, na kisha uso ukafunguka wenyewe, pengo na vyote, tonge mkononi, macho kwa Albertine. Nikabana mpira.

Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe.

Nikaachia. Hakuna aliyepumua, hata Bwana Unga.

Sehemu ya pili ilikuwa na shida zake. Nkambo aliondoka zake nje, nikageuza kifuniko cha mkebe kwa vidole viwili, pumzi nimeikata. Lakini Godefroid alisimama mlango wa jikoni hataki kuingia: kiti cha mama-mkwe kingali pale, sahani yake ingali pale, na tonge lake limelazwa juu yake.

"Siwezi kukula mbele ya tonge yake," alisema. Hakuwa anatania.

"Tosha kila kitu!" Bwana Unga akasema, akanyoosha mkono.

"Bwana, usiguse meza!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa hata mimi nikashtuka. Alirudisha mkono. Nilijua kitu gani kinaweza kutoka na kitu gani hakiwezi. Upande wa nkambo ulikuwa sasa gizani. Kiti kikitoka, sahani ikitoka, kioo hakitajua. Kitambaa cha kijani na mfuko vinavuka, hivyo havigusiki. Nikainua sahani yake kwa mikono miwili, moja kwa moja juu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Albertine akabeba kiti. Godefroid akaingia, akakaa, akakata tonge lake, akatulia. Nikamwambia aangalie sahani yake na afikirie kwamba mkewe ndiye aliyempikia. Uso wake ukawa mpole.

Baba Alexis alikuwa ameingia nyuma yake. Sasa hapakuwa na kikwazo. Nkambo yuko nje, na kamera ni yake. Alikuja mpaka pembeni yangu, akanyoosha mkono kuchukua mpira, kama anavyofanya kila siku, bila kufikiri.

Mpira ulikuwa bado mkononi mwangu, umepata joto. Ningempa, angefanya vizuri kuliko mimi. Miaka yote hii hajaharibu kioo. Lakini yeye angehesabu kwa Kifaransa, kwa mwendo wake. Nusu ya kwanza nilikuwa nimeifungua kwa mwendo wangu. Mchana na jioni.

"Hapana, Baba," nikasema. "Nilihesabu namna yangu. Lazima niimalize namna yangu."

Mkono wake ulibaki hewani. Mtu hamkatalii mwalimu wake mbele ya mzungu, na mbele ya ndugu yake. Nilitazama mpira, si yeye. Nikasikia tu viatu vyake vikirudi nyuma, na sauti yake ikimwambia Bwana Unga: "Tunyamaze. Anafanya kazi."

Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe.

Chumba cha giza tuliingia wawili. Taa nyekundu, beseni la dawa, na kioo ndani yake. Aliniachia nikitikise mwenyewe. Kwanza hakuna kitu. Halafu nyeusi ikaanza kukusanyika pale ambapo patakuwa peupe: bukari moja upande huu, bukari nyingine upande ule. Kisha kilemba. Kisha shati la Godefroid. Kisha kicheko cha nkambo, hakijasogea hata unywele. Baba Alexis aliinama mpaka pua ikakaribia dawa, akafuata mfuko wa unga kutoka juu mpaka chini kwa kidole, bila kugusa. Nilijua anatafuta mshono. Ulikuwepo, mwembamba, juu tu ya mfuko, kama ukungu unaopanda.

"Huu hapa," nikasema, kwa sababu nilitaka niuseme mimi kabla yake.

"Nauona." Aliendelea kutazama. "Unafanana na mvuke wa bukari. Mtu akikuuliza, ni mvuke."

Bwana Unga alikishika kioo dirishani, bado kinadondoka maji, akakigeuza hivi na hivi. Aliuliza kwa nini mwanaume haangalii familia yake, anaangalia sahani. Nikamweleza kwamba amemheshimu mama-mkwe wake, na kwamba mtu wa huku ataona hivyo pale pale. Alifikiri, akasema kwamba kwa wanunuzi wake hiyo inafaa sana, na kwamba anataka picha nyingine za namna hiyo, za sabuni.

Kalenda zilipotoka, zilitundikwa mpaka Kambove. Nkambo Kapya aliweka yake sokoni, juu ya samaki. Watu wa Kabongo walipita, wakasimama, wakapiga makofi ya mshangao, na yeye aliwaambia: "Muangalie macho yake iko wapi. Muangalie na yangu. Ule mutoto ya studio alitukalisha na heshima, na shiye wawili hatukukaa pamoja." Aliniletea wenzake, wanawake wa umri wake ambao hawakuwahi kupigwa picha kwa sababu mpiga picha ni mwanaume, na mwanaume yeyote wa kwao anaweza kuwa mkwe. Walikuja kwa makundi, na kila mmoja nilimuuliza kwanza ni wa nani na amezaa nani, kwa sauti ya kusikika.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile yenyewe, baada ya gari la Bwana Unga kuondoka, Godefroid na Albertine wakiwa jikoni wanamaliza bukari, Baba Alexis hakusema kitu juu ya mtihani. Alivaa koti lake. Alifunga vifungo vyote, akapangusa viatu kwa pazia, jambo ambalo mimi ningegombezwa nalo, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama yangu kule Kabongo hana picha yangu hata moja," alisema. "Siku zote niko nyuma ya ile mashini. Weka kioo."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Niliweka kioo. Niliingia chini ya kitambaa nikamwona ananing'inia juu chini, mikono juu ya magoti, amekakamaa kama wale wa sindano. Nikatoka.

"Baba, mabega yako."

"Mabega yangu yana nini?"

"Yako juu. Yashushe. Na kidevu. Hapana, si hivyo. Ngoja." Nikaenda nikakigeuza kidevu chake kwa vidole vyangu, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote, mpaka mwanga wa dirisha ukalala vizuri shavuni. Alikubali. Nikarudi nyuma ya kamera, nikachukua mpira.

"Sasa usitikisike," nikasema.

Hakutikisika.